Mwongozo wa Kujaribu Vyakula vya Ulezi kwa Watoto Wadogo Wenye Utapiamlo nchini Uganda

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya kina mama, wahudumu wa afya wa vijijini, wasagaji wadogo wa unga na vijana wa vyuo wanaosomea lishe, ambao tayari wana unga wa ulezi mikononi na wanataka kujua, kwa ushahidi na si kwa kukisia, kama unga huo unamsaidia mtoto aliyekonda. Haja ya kujua ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa na 4 walikuwa wamekonda kuliko inavyofaa kwa urefu wao. Wakati huohuo ulezi umejaa katika maghala ya Teso, Lango, Acholi, Ankole na Kigezi, na hakuna bibi wa sehemu hizo asiyejua kuupika.

Sifa za ulezi ni za kweli, lakini zina mipaka yake. Gramu 100 za ulezi mkavu zina takriban miligramu 340 za kalisi, kiasi ambacho mahindi na mchele havikikaribii. Protini yake hata hivyo ni gramu 7 hivi tu, tena ina upungufu wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili wa mtoto unakihitaji ili ukue. Madini yake ya chuma na zinki yamefungwa na fitati pamoja na tanini, viambata vya asili vya nafaka yenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Kwa sababu hiyo, anayesema "ulezi unaponya utapiamlo" anasema zaidi ya anachokijua. Swali linaloweza kujaribiwa ni jembamba zaidi: kikombe hiki cha uji, kwa tumbo hili dogo, kinaingiza nini mwilini, na mtoto anakinywa mpaka mwisho?

Hatua ya kwanza: Tambua ni mtoto yupi asiyefaa kuingizwa katika jaribio

Kabla ya kununua hata kilo moja ya nafaka, kubalianeni juu ya watoto ambao hawataguswa na jaribio lenu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, ana utapiamlo mkali. Huyo si mtoto wa kujaribiwa uji. Anapaswa kufikishwa siku hiyohiyo katika kituo cha afya chenye huduma ya lishe, ambako akiwa na hamu ya kula na hana maradhi mengine atapewa chakula tiba cha pakiti na kurudi nyumbani, na akiwa na matatizo zaidi atalazwa na kuanzishiwa maziwa tiba. Kumcheleweshea matibabu hayo kwa sababu ya unga wetu ni kuhatarisha uhai wake, na sioni hoja yoyote inayoweza kulihalalisha jambo hilo.

Walengwa wenu ni watoto wenye utapiamlo wa kadiri, yaani wale ambao mkono wao unasoma kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5, pamoja na wale walio katika hatari ya kuufikia. Watoto walio chini ya miezi 6 wasiingie kabisa, kwa kuwa chakula chao ni maziwa ya mama peke yake. Vilevile asiingie mtoto anayejulikana kudhurika na karanga, soya, samaki au simsim, ikiwa kitu hicho kimo katika mchanganyiko wenu.

Hatua ya pili: Safisha nafaka kuliko unavyosafisha ya nyumbani

Ulezi mwingi hupurwa chini na kuanikwa kando ya barabara, kwa hiyo hubeba mchanga, vumbi na mbegu za magugu. Upepete, uuchekeche, kisha uuoshe kwa maji na kuuondoa juujuu kwa mkono au kwa kichujio, mara tatu au nne, mpaka usisikie changarawe chini ya beseni. Mbegu za magugu zisichukuliwe kuwa jambo dogo. Mwezi Machi 2019, huko Karamoja, watu wapatao 300 waliugua na baadhi yao walifariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliokuwa umechafuliwa na alkaloidi za tropani, sumu ambayo hupatikana katika mbegu za datura, gugu linaloota ovyo katika mashamba yetu. Ikiwa unga uliotengenezwa kiwandani ulipatwa na hayo, mchanganyiko wa kikundi cha kijijini unahitaji macho zaidi, tena ya watu wawili tofauti kwa kila gunia.

Hatari nyingine ni sumukuvu (aflatoksini), sumu ya ukungu ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Karanga na mahindi ndivyo hubeba sumu hii zaidi, ingawa ulezi uliovunwa wakati wa mvua na kuwekwa na unyevu nao haujasalimika. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu yote isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi maikrogramu 5. Kwa maoni yangu, kikundi kisichoweza kulipia kipimo cha sumukuvu kiache karanga na kutumia simsim.

Uliza pia kama ulezi unaouziwa ukiwa tayari umesagwa haukuchanganywa na muhogo. Katika Teso na Lango ni desturi ya kawaida kusaga viwili hivyo pamoja kwa ajili ya atap, ugali wa huko, na kwa mtu mzima hakuna neno. Kwa mtoto aliyekonda, muhogo hujaza tumbo na kupunguza protini ambayo tayari ni haba. Nunueni nafaka nzima, mkasage wenyewe, na mashine isafishwe kwanza kwa kusaga kilo moja au mbili ambazo hazitaingia katika unga wa watoto.

Hatua ya tatu: Andika mchanganyiko kwa gramu, kisha ufanye hesabu

Vipimo vya konzi na kikombe vinafaa jikoni lakini havifai katika jaribio, kwa sababu mwenzako wa kijiji cha pili hataweza kuvirudia. Tumia mizani ya jikoni na uandike kila kitu kwa gramu.

Huu ni mfano unaoweza kuanzia nao: ulezi gramu 60, soya iliyokaangwa gramu 20, simsim gramu 10, na unga wa mukene mkavu gramu 10. Kwa majedwali ya kawaida ya vyakula, ulezi huo huleta protini gramu 4.4 hivi, soya gramu 7, simsim karibu gramu 2, na mukene gramu 6; jumla ni takriban gramu 19 za protini na kilokalori 375 katika gramu 100 za unga. Linganisha na ulezi mtupu wenye gramu 7 za protini na kilokalori 330 hivi. Soya ina lisini nyingi ambayo ulezi hauna, na mukene, huyo dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, huongeza madini ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi kuliko yale ya nafaka.

Soya lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa, maana soya mbichi ina vizuizi vya umeng'enyaji vinavyouzuia mwili kutumia protini. Mukene nao wapepetwe mchanga, waoshwe na kukaushwa upya kabla ya kusagwa, kwa kuwa wengi huanikwa chini ufukweni. Hata ukifanya hayo yote, madini ya chuma yatabaki kuwa pengo kubwa ambalo uji wa nyumbani ni nadra kuliziba. Mtoto apewe papai, embe au chungwa pamoja na uji, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, na asipewe chai karibu na mlo.

Hatua ya nne: Shughulikia uzito wa uji, maana hapo ndipo vyakula vingi hushindwa

Sehemu hii ndiyo ninayoomba isomwe polepole. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa miezi 10 mwenye kilo 7, kwa hiyo, hawezi kumaliza zaidi ya mililita 210 kwa mlo mmoja. Uji wa kawaida wenye gramu 10 za unga wa ulezi katika kila mililita 100 humpa kilokalori 70 tu katika kikombe hicho chote. Mtoto wa umri wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka katika chakula, na huyu wetu, aliyerudi nyuma, anahitaji zaidi ya hapo. Basi hata akimaliza vikombe vinne kwa siku, jambo ambalo mtoto mgonjwa halifanyi, bado hafiki. Mama akiongeza unga ili kuongeza nguvu, wanga huvimba kwa joto na uji hugeuka kitu cha kukatwa kwa mwiko, mtoto hushindwa kuumeza, na mama hulazimika kuuongezea maji. Mzunguko huo hurudiwa kila asubuhi katika nyumba nyingi.

Suluhisho limo katika nafaka yenyewe, nalo ni kimea. Ulezi ukichipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vifupi, na uji mzito hulegea bila kuongezwa maji. Wanawake wanaotengeneza ajon, pombe ya ulezi, katika Teso wanaijua kazi hii kuliko mtaalamu yeyote, na katika kikundi chenu waombeni wao wawe walimu. Hata hivyo, kimea cha pombe kisitumiwe kwa watoto, kwa kuwa mara nyingi huachwa kikapata ukungu. Tengenezeni cha kwenu: loweka ulezi safi kwa saa 12 na kubadili maji katikati, uchuje, utandaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika, unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu mpaka vijimizizi vitokeze, kisha uanike juani juu ya turubai lililoinuliwa kutoka chini, usugue vijimizizi vidondoke, na usage. Penye rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya uvundo, tupa yote bila kuchagua.

Namna ya kupika kwa jaribio ni hii. Koroga gramu 200 za unga wa mchanganyiko katika maji baridi, umimine katika maji yanayochemka ili jumla iwe lita moja, na upike kwa dakika 15 au zaidi. Utapata kitu kinachokaribia ugali. Epua, subiri kipimajoto kisome nyuzi 65 hivi, kisha tia gramu 20 za kimea kilichokorogwa kwa maji kidogo na uendelee kukoroga. Ukikitia uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya hufa na hakuna kitakachobadilika. Ukikitia kwa wakati wake, mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi ndani ya dakika chache, na uji ulioshikamana na mwiko unaanza kutiririka. Acha kwa dakika 10, halafu rudisha jikoni na uchemshe kwa dakika 5 kamili. Usiiruke hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu kimea, kwa jinsi kinavyotengenezwa katika unyevu na joto, hubeba vijidudu vingi.

Uzito wa uji nao upimwe kwa kifaa. Chora duara zilizoachana kwa sentimita 1 juu ya karatasi, funika karatasi hiyo kwa kioo bapa, na uweke katikati pete iliyokatwa kutoka bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 5. Jaza uji uliopoa hadi nyuzi 40, maana uji wa moto hudanganya na kuganda ukishapoa, inua pete wima, hesabu dakika moja, kisha soma uji umefika duara gani katika pande nne na utafute wastani. Fanya hivyo kwa uji wa gramu 10, 15 na 20 za unga kwa mililita 100, wenye kimea na usio na kimea. Kiwango mnachokitafuta ni uji unaotembea kama ule ambao kina mama wenyewe wanaukubali kwa mtoto, huku ukiwa na unga mara mbili. Uji wa gramu 20 za mchanganyiko tulioutaja hutoa takriban kilokalori 75 kwa mililita 100, na yule mtoto wa kilo 7 sasa anapata karibu 160 katika kikombe kilekile.

Bushera, kinywaji kichachu cha nafaka cha Ankole na Kigezi, inastahili kutajwa hapa pia. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha na watoto huupenda, lakini nyingi hupikwa nyepesi mno. Mkiitumia, ipimwe kwa pete hiyohiyo na hesabu hiyohiyo.

Hatua ya tano: Maabara

Pelekeni sampuli za unga uliokwisha kuchanganywa, si za kila nafaka peke yake, katika maabara inayotambulika: ya Shirika la Viwango la Uganda huko Bweyogerere, au idara ya teknolojia ya chakula ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ombeni unyevu, protini, mafuta, sumukuvu, na vijidudu pamoja na salmonela. Matokeo yakiwa mabaya, rudini hatua ya pili.

Hatua ya sita: Ruhusa na ridhaa

Jaribio lolote linalohusu watoto na linalokusudia kutoa matokeo ya kutangazwa ni utafiti. Linahitaji kupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na baada ya hapo kupelekwa kwa afisa wa afya wa wilaya na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji. Kikundi kisicho na mtafiti kishirikiane na chuo au hospitali. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilichoko Mulago kina uzoefu wa miongo mingi wa kutibu watoto hawa. Mkilinganisha makundi, liandikisheni jaribio mapema katika daftari la majaribio ya tiba la Afrika, ili matokeo yasiyopendeza yasije yakafichwa.

Kiswahili kinafaa sana Busia, Malaba na Arua, na mahali pengi ndicho kinachowaunganisha watu wa makabila tofauti katika mkutano mmoja. Pamoja na hayo, ridhaa isomwe katika lugha anayoitumia mama nyumbani kwake, iwe Ateso, Kiluo, Kilugbara au Runyankole, na aulizwe arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Aelezwe wazi kwamba akikataa, au akijitoa katikati, huduma ya mtoto wake kituoni haitapungua. Mrejeshee nauli, usimpe zawadi kubwa kiasi cha kumfanya aone haya kukataa.

Hatua ya saba: Kuonja

Waanze kina mama. Waulizeni kuhusu rangi, harufu, changarawe kwenye meno, na kama wangeupika uji huo pasipo mtu kuwatazama. Harufu ya mukene ndiyo hulalamikiwa zaidi, na kupunguza kutoka gramu 10 hadi 5 mara nyingi hutosha kuiondoa. Hapo fanyeni hesabu ya protini upya.

Kisha watoto, kati ya 20 na 40. Kila mmoja apewe uji mpya siku moja na uji uliozoeleka siku nyingine, na kura iamue upi utangulie. Mtoto asiwe amenyonya au kula ndani ya saa mbili zilizopita, na mama yake ndiye amlishe, kwa dakika 15, bila kulazimisha. Pima kikombe kabla na baada, kwa gramu. Pima pia kitambaa cha kifuani kikiwa kikavu na kikiwa kimemwagikiwa, ukatoe tofauti hiyo, kwa sababu mtoto wa miezi 8 anaweza kuonekana amemaliza kikombe huku sehemu nzuri ya uji ikiwa shingoni. Kubalianeni tangu mwanzo ni kiasi gani kitahesabiwa kuwa uji umekubalika, msije mkakibadilisha baada ya kuona matokeo.

Hatua ya nane: Jaribio lenyewe

Kosa linaloharibu majaribio mengi ya aina hii ni kupima watoto mwanzoni na mwishoni tu, kisha kusifu unga kwa kila gramu iliyoongezeka. Mtoto anaweza kunenepa kwa sababu ulezi mpya umevunwa mwezi Julai baada ya njaa ya Mei na Juni, au kwa sababu malaria yake imetibiwa, au kwa kuwa mama anatembelewa kila wiki. Linahitajika kundi la kulinganisha, linalopimwa katika miezi ileile na watu walewale. Kundi hilo lisiachwe mikono mitupu. Lipewe huduma ya kawaida inayotolewa kwa utapiamlo wa kadiri katika wilaya hiyo, pamoja na ushauri uleule wa lishe. Gawanyeni kwa kura na kwa vijiji, si kwa nyumba, kwa kuwa unga husafiri kutoka nyumba hadi nyumba. Idadi ya watoto ihesabiwe na mtakwimu kabla ya kuanza.

Uji hauliwi na mtoto mmoja. Mwenye ndugu watatu atagawana nao, na ni haki yake. Badala ya kumkemea mama, toeni mgao unaowatosha ndugu wadogo pia, na mara kwa mara mtembelee nyumbani wakati wa kulisha ili mjue kinachofika kinywani.

Uzito upimwe kwa usahihi wa kilo 0.1, mtoto akiwa hana nguo nzito. Urefu wa mtoto wa chini ya miaka miwili upimwe akiwa amelala. Mkono ni wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili. Kasi ya kuongezeka huhesabiwa kwa gramu kwa kila kilo kwa siku: mtoto aliyetoka kilo 7.2 hadi 7.6 kwa siku 28 ameongeza gramu 400, ambazo ukizigawanya kwa 7.2 na kisha kwa 28 unapata takriban 2.

Hatua ya tisa: Kusimamisha, na kurudisha matokeo

Kila wiki andikeni kuharisha, kutapika, homa na vipele katika makundi yote mawili. Mtoto anayepungua uzito katika vipimo viwili mfululizo, anayekataa kunyonya, anayevimba miguu, au ambaye mkono wake umeshuka chini ya sentimita 11.5, hatoki nje ya kituo bila kuonwa na daktari au afisa wa kliniki. Jaribio kwake limekwisha, na matibabu yanaanza. Watoto wengi wakiharisha ndani ya wiki moja, simamisheni ugawaji wa unga wote wa mzigo huo na kuupima upya.

Mwishoni, hesabuni watoto wote walioanza, pamoja na waliohama na waliojitoa, kila mmoja katika kundi alilopangiwa. Matokeo yapelekwe kwanza kwa kina mama, kijijini kwao, kabla ya kupelekwa Kampala: uji ulisaidia kwa kiasi gani, kilo moja ya unga iliwagharimu shilingi ngapi, na kama haukuzidi huduma ya kawaida, waambiwe hivyo. Jambo ambalo kila mmoja wao ataweza kuondoka nalo siku hiyo ni namna ya kutengeneza kimea kisafi, kwa hiyo mkutano huo upangwe uwe na jiko, sufuria na kipimajoto.